Hiroshima: "Hatutarudia kosa." Hiyo "tu" ni ya nani?

MkwajuMkavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye chai na aimimine kabisa.

Niko Japani kimasomo, mwaka wa tatu sasa. Agosti iliyopita nilipanda treni kwenda Hiroshima. Nilidhani najua ninachokwenda kuona, maana nani hakukaririshwa? Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, ndege Enola Gay, rubani Paul Tibbets, bomu moja, mji umekwisha. Ukiandika hivyo kwenye mtihani unapewa alama zako unaondoka.

Kilichonikalisha chini ni sanduku la chakula. Liko makumbusho, ndani ya kioo, la bati, limepindapinda. Lilikuwa la Shigeru Orimen, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari. Asubuhi ile yeye na wenzake walikuwa wamepelekwa kazini, kubomoa nyumba ili mji ukipigwa mabomu ya kawaida moto usiruke mtaa hadi mtaa. Wanafunzi maelfu walikuwa nje juani kwa kazi hiyo hiyo. Mama yake alimtafuta, akamkuta amejikunja, sanduku limebanwa chini ya tumbo. Chakula kimo hadi leo. Ni cheusi, kimeshikana kama ukoko wa sufuria uliosahauliwa jikoni kutwa nzima. Nilisimama pale mpaka bibi mmoja wa Kijapani akaniomba nisogee kidogo na yeye aone.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Ukitoka makumbusho unaingia bustanini, na katikati kuna mnara wa kumbukumbu wenye umbo la tao, kazi ya Kenzo Tange, uliozinduliwa 1952. Ukiinama ukachungulia chini ya tao unaona vitu vitatu kwa mstari mmoja: sanduku la jiwe, mwenge unaowaka tangu 1964 (hautazimwa mpaka silaha za nyuklia ziishe duniani), na kwa mbali lile jengo lililobaki mifupa, lenye kuba la vyuma. Ndani ya sanduku mna vitabu vya majina ya waliokufa. Kila mwaka wanaongeza majina ya manusura waliofariki mwaka huo. Yamepita 340,000.

Juu ya jiwe wamechonga sentensi moja. Rafiki yangu wa Kijapani alinisomea, nikamwomba anitafsirie, akakwama. Nusu ya kwanza ni nyepesi: "Laleni kwa amani." Nusu ya pili ndiyo kazi, kwa sababu Kijapani kinaruhusu kitenzi kisimame bila mtenda. "Kosa, kutorudia." Nani harudii? Haikusemwa. Na ugomvi ulianza mwaka ule ule wa 1952, alipofika Radhabinod Pal, jaji wa Kihindi aliyekuwa katika mahakama ya Tokyo ya makosa ya kivita. Akahoji: mnaomba radhi nyinyi? Bomu mlilirusha nyinyi? Aliyeitunga sentensi, profesa Tadayoshi Saika wa Chuo Kikuu cha Hiroshima, alisisitiza kwamba mtenda ni binadamu wote.

Kiswahili hakina mlango huo wa nyuma. Kitenzi chetu lazima kivae kiambishi. Ha-tu-tarudia, ha-wa-tarudia. Ukitaka kukwepa kabisa unasema "kosa halitarudiwa", na hapo kila mtu anajua umekwepa.

Ninyi mngetafsiri vipi?

---

Babu_wa_Kilindini

Mkuu, uzi mzuri, ila nikutie doa kidogo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya (askari wa King's African Rifles). Alipanda meli hapa Kilindini 1944, akapigana Bama (Burma) na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw, kwenye matope na malaria, wakimsukuma Mjapani hadi Kalewa. Kabla yake, Februari mwaka huo huo, meli Khedive Ismail ilitoka hapa hapa Mombasa kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Ikazama kwa dakika chache. Watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hao nani anawachongea jiwe?

Kwa babu bomu lilikuwa tikiti ya kurudi nyumbani. Hakuwahi kulisema vingine. Marekani walikuwa wamepanga kuivamia Japani kwa miguu kuanzia tarehe 1 Novemba 1945. Vita ingeendelea, pengine angerudishwa mstari wa mbele, na mimi nisingekuwa hapa naandika. Kwa hiyo hiyo "tu" yako mimi siivai. Nitarudia nini mimi?

---

kijana_wa_Mbagala

Naweka kambi hapa. Mzee wa Kilindini kafungua na kumi.

---

MkwajuMkavu

Babu, nimekuelewa, na hoja yako siyo ya kupuuza. Mtu aliyelala kwenye matope ya Bama ana haki ya kushukuru vita kuisha kwa njia yoyote.

Ila ngoja niongeze vitu, maana 1945 ina pande nyingi kuliko tulivyofundishwa. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945 Wamarekani waliichoma Tokyo kwa mabomu ya moto na watu wapatao 100,000 wakafa, bila atomiki yoyote. Kwa hiyo kuua raia kwa makumi elfu lilikuwa jambo lililokwishazoeleka kabla ya Agosti. Pili, tarehe 8 Agosti Urusi ya Stalin ilitangaza vita dhidi ya Japani, na usiku ule ule jeshi lake likaingia Manchuria. Wapo wanahistoria wanaosema hilo ndilo lililowavunja moyo wakubwa wa Tokyo, kwa sababu walikuwa wakimtegemea huyo huyo Mrusi awasuluhishe. Wengine wanasema ni bomu. Wengine wanasema ni vyote viwili kwa pamoja, na mimi niko karibu na hao.

Tatu, hili lazima mlisikie. Kyoto ilikuwa kwenye orodha ya miji ya kupigwa. Aliyeitoa ni Henry Stimson, waziri wa vita wa Marekani, aliyekuwa ameitembelea zamani na kuujua uzito wake kwa Wajapani. Mji ukapona kwa sababu mzee mmoja aliwahi kuuona. Tangu nisome hilo, kila nikisikia mtu anazungumzia "hesabu za kijeshi" kana kwamba ni hisabati kweli, namwangalia tu.

---

MwalimuMstaafu

Mnaongea Hiroshima tu. Nagasaki kila siku inakuwa mdogo wake asiyetajwa.

Tarehe 9 Agosti ndege Bockscar, rubani Charles Sweeney, haikutumwa Nagasaki. Ilitumwa Kokura. Ikafika, ikazunguka juu ya mji mara tatu, mawingu na moshi vikaziba, hawakuona shabaha. Mafuta yanapungua, wakageukia mji wa pili kwenye orodha. Saa tano na dakika mbili asubuhi bomu likapasuka juu ya bonde la Urakami. Watu wa Kokura waliendelea na shughuli zao bila kujua.

Na Urakami ndiko walikoishi Wakatoliki wa Nagasaki, watu ambao mababu zao walificha imani miaka zaidi ya 200 wakati Ukristo umepigwa marufuku Japani. Kanisa kuu lao lilikuwa kama nusu kilomita tu kutoka lilipopasukia. Waumini walikuwa ndani, wakisubiri kuungama. Rubani Mkristo, kasisi wa jeshi aliyewaombea Mkristo, na aliyekuwa chini ya bomu Mkristo. Nimefundisha dini miaka 30, sijapata namna ya kulieleza hili darasani.

Mwisho wa 1945 hesabu inayokubalika ni waliokufa karibu 140,000 Hiroshima na karibu 74,000 Nagasaki.

Mtafuteni Sumiteru Taniguchi. Alikuwa na miaka 16, mpeleka barua, yuko juu ya baiskeli. Mgongo wote uliungua. Ipo picha ya rangi iliyopigwa na Wamarekani mwanzoni mwa 1946, amelala kifudifudi, mgongo mwekundu kama nyama buchani. Alilala hivyo hivyo, kifudifudi, mwaka mmoja na miezi tisa. Kifua kikaoza kwa vidonda vya kulalia. Baadaye alipona kiasi cha kuoa, kuzaa na kuzunguka dunia na picha yake mkononi akisema silaha hizi ziondolewe. Amefariki 2017.

---

MkwajuMkavu

Asante mwalimu. Nilimwacha Taniguchi kusudi nikiogopa kuharibu watu chakula cha jioni, umenisaidia.

Kwa wasiojua, hao manusura Kijapani kinawaita hibakusha. Msidhani waliporudi walipokelewa kwa ngoma. Walikataliwa kazi, walikataliwa posa, watu waliogopa watazaa watoto wenye kasoro. Wengi walificha kwamba walikuwepo. Na kati ya waliopigwa walikuwemo makumi ya maelfu ya Wakorea, wengi wao wakiwa wameletwa kufanya kazi za kulazimishwa. Mnara wao ulijengwa nje ya bustani, ukaruhusiwa kuingizwa ndani 1999. Hata wafu walisubiri kibali.

Chama chao, Nihon Hidankyo, kiliundwa 1956. Kilichokiwasha ni tukio jingine kabisa: Machi 1954 Marekani ilijaribu bomu la haidrojeni kwenye visiwa vya Bikini, megatoni 15, nguvu mara elfu ya lile la Hiroshima, na majivu yake yakawanyeshea wavuvi wa Kijapani kwenye meli ya jodari. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alikufa Septemba mwaka huo. Wanawake wa Tokyo wakaanza kukusanya sahihi sokoni kupinga majaribio hayo, kwa kuhofia samaki waliochafuliwa. Harakati zote mnazoziona leo zilianzia kwenye kitoweo.

---

fundi_wa_mionzi

Niongeze kidogo cha kitaalamu. Bomu la Hiroshima lilikuwa na urani kilo 64 hivi. Iliyopasuka kweli haikufika kilo moja. Na maada iliyogeuka kuwa nishati haifiki gramu moja, yaani chini ya uzito wa klipu ya karatasi. Gramu hiyo ndiyo kilotoni 15, yaani nguvu ya tani 15,000 za baruti ya TNT.

Swali sasa: hiyo urani ilitoka wapi? Wengi watajibu Marekani.

---

DadaKatanga

Bandugu, jambo yenu. Miye niko wa Likasi, sasa naikala Lubumbashi. Kiswahili yangu ni ya Katanga, musinicheke. Nitajaribu kuandika ya kwenu.

Urani nyingi ilitoka kwetu. Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Wabelgiji, Union Minière. Mawe ya pale yalikuwa na urani hadi asilimia 65, wakati migodi mingine duniani asilimia moja ni bahati. Mwaka 1940 mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, aliogopa Wajerumani, akatuma tani kama 1,200 kwa meli hadi New York, zikawekwa ghala la Staten Island. Zikakaa pale. Septemba 1942 mwanajeshi wa Marekani akaja kumuuliza, Sengier akamwambia mali iko tayari hapa hapa mjini. Baadaye wakaufungua mgodi tena, na mawe yakaenda kwa reli hadi Port-Francqui, wanayoita leo Ilebo, halafu mashua mto Kasai hadi Léopoldville, halafu reli hadi Matadi.

Waliochimba walikuwa baba na babu zetu. Waliyabeba yale mawe kwa mikono. Jina la Shinkolobwe lilifichwa, kwenye ramani halikuonekana. Kabla ya uhuru 1960 Wabelgiji wakaziba mashimo kwa zege wakaondoka.

Lakini njaa haijui zege. Watu walirudi kuchimba kobalti, wale sisi tunaita ba-creuseur. Mwaka 2004 serikali ilifunga eneo kwa amri ya rais, na mwaka huo huo shimo likaporomoka likaua watu. Bibi yangu alikuwa akiuza mihogo pale. Anasema mawe mengine yalikuwa na rangi nzuri, ya manjano na ya kijani, watoto walichezea.

Kwa hiyo mwenye uzi, ile "tu" yako, na sisi tumo ndani? Sijui kama nataka kuwemo.

---

kijana_wa_Mbagala

Duh. Miaka yote ya shule hili sikuambiwa.

---

Simba_wa_Ukweli

Nimewasoma wote, machozi mazuri. Sasa turudi duniani.

Mwenye nacho hapigwi. Gaddafi aliacha mpango wake wa nyuklia 2003, 2011 mnajua alikuta nini. Ukraine ilikubali kutoa za kwake, ikapewa karatasi Budapest Desemba 1994 yenye sahihi za Urusi, Marekani na Uingereza, na leo angalieni. Korea Kaskazini imeng'ang'ania, nani kamgusa? Hata hao Wajapani wenyewe na bustani yao na njiwa zao wako chini ya mwavuli wa nyuklia wa Marekani, na mkataba wa kupiga marufuku silaha hizi wamekataa kusaini. Kama wao hawaamini, mimi wa Tandika niamini?

---

MkwajuMkavu

Simba, kuhusu Japani umepiga palepale, na hibakusha ndio wa kwanza kulisema. Hidankyo walipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani 2024, aliyesoma hotuba Oslo ni Terumi Tanaka, mzee wa miaka 92, alikuwa Nagasaki akiwa na 13. Katikati ya hotuba akasema serikali ya Japani haijawahi kulipa fidia kwa ajili ya waliokufa. Kisha akaiacha karatasi na kulirudia. Yuko ugenini mbele ya mfalme, anaishitaki serikali yake mwenyewe! Hapo ndipo nilipoona kwamba ukosefu wa mtenda kwenye lile jiwe siyo sarufi tu. Ni raha kwa wengi.

Lakini mengine nakukatalia. Ukraine ilikuwa na makombora, funguo zilikuwa Moscow. Afrika Kusini ilikuwa na zake kabisa, mabomu sita yaliyokamilika. Iliyafumua, ikaingia kwenye mkataba wa kuzuia uenezaji 1991, na de Klerk akaitangazia dunia Machi 1993. (Ndiyo, najua wapo wanaosema walifumua ili yasiangukie mikono ya ANC. Sababu inaweza kuwa chafu na tendo likabaki jema.)

Na huo "mwenye nacho hapigwi" unategemea jambo moja: kwamba hakuna atakayekosea, milele. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983 mitambo ya Kisovyeti ilionyesha makombora ya Marekani yanakuja. Zamu ilikuwa ya Stanislav Petrov. Kwa utaratibu alitakiwa aripoti shambulio. Akaona makombora matano ni machache mno kwa mtu anayeanzisha vita, akaripoti hitilafu ya mtambo. Kumbe satelaiti ilidanganywa na mwanga wa jua kwenye mawingu. Angekuwa zamu mtu anayefuata kitabu, je? Leo nchi tisa zina vichwa vya nyuklia kama 12,000 kwa jumla. Vilikuwa kama 70,000 mwaka 1986, kwa hiyo usiniambie kupunguza hakuwezekani. Vilipunguzwa na watu wasiopendana hata kidogo.

---

MwalimuMstaafu

Na msijifanye Afrika ni watazamaji. Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, jangwani Algeria, kilotoni 70. Nkrumah akazuia mali za Wafaransa Ghana, Nigeria ikavunja uhusiano wa kibalozi. Na Mwalimu Nyerere, 1984, alikuwa mmoja wa viongozi sita, pamoja na Indira Gandhi na Olof Palme, walioyataka mataifa yenye silaha yasimamishe majaribio na uundaji. Januari 1985 wakatoa tamko New Delhi. Mkataba wa Pelindaba wa kuifanya Afrika isiwe na silaha hizi ulitiwa saini Cairo 1996, ukaanza kazi 2009 Burundi ilipokuwa ya 28 kuuridhia.

Mkataba wa kupiga marufuku kabisa wa 2017 ulipitishwa na nchi 122. Tanzania ilisaini 2019. Kongo iliuridhia 2022.

---

Simba_wa_Ukweli

Mwalimu, na kati ya hizo 122 yenye bomu ni ngapi?

---

MwalimuMstaafu

Sifuri. Hawakuja hata kwenye mazungumzo. Lakini wale watano wa kwanza walikwishaahidi, kifungu cha sita cha ule mkataba wa kuzuia uenezaji wa 1968, kwamba watajadiliana kwa nia njema kuzimaliza. Ahadi ina umri wa kustaafu kama mimi, na kiinua mgongo hatujakiona.

---

Babu_wa_Kilindini

Nimerudi. Nimempigia shangazi kumuuliza habari za babu, maana uzi huu umeninyima usingizi. Anasema babu alirudi na blanketi la jeshi, medali moja, na hadithi ya mateka wa Kijapani waliyempa maji. Bomu alilitaja siku moja tu, redio ilipokuwa inaeleza. Akasema: "Sisi tulimwona tuliyempiga."

Sijui alikuwa anajisifu au analaumu. Shangazi naye hajui.

---

MkwajuMkavu

Babu, hiyo naiandika kwenye daftari kwa ruhusa yako.

Manusura walio hai walishuka chini ya 100,000 Machi 2025, wastani wa umri umepita 86. Nikiwa pale bustanini mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya mti, kandokando ya mto, ana albamu ya picha. Alikuwa anawaelezea wanafunzi, taratibu, kwa Kijapani. Nilipata neno moja moja: maji, mama, moto. Akimaliza kundi moja anakunywa chai kwenye chupa, anafungua albamu ukurasa wa kwanza tena.

Tafsiri zenu sijaziona bado.

---

DadaKatanga

Miye nimejaribu. Kwetu kurudia tunasema kurudilia. "Mulale na amani, hatutarudilia ile kosa." Nimemsomea bibi kwa simu. Akanyamaza, halafu akauliza kama kwenye kile kitabu cha majina wameandika na watu wa Shinkolobwe.

---

MkwajuMkavu

Mwambie hapana. Kile ni cha waliokufa kwa bomu, hata wasio Wajapani wamo. Waliolichimba hawamo.